Risaga Bila Pombe

Kabla hajabatizwa, Editha alikuwa mpishi bora wa pombe katika kata nzima ya Busawe. Hilo halina ubishi. Hata Mzee Enock, mzee wa kanisa la Wasabato, ukimbana vizuri analikubali, ingawa anaharakisha kuongeza kwamba yeye alisikia tu. Amarwa ya Editha, pombe ya ulezi na unga wa mahindi uliochachushwa ukakaangwa, ilikuwa haiumizi kichwa. Watu walitoka Kisaka kwa miguu kuifuata, na wengine walilala njiani wakati wa kurudi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mhaya, Mkatoliki. Serikali ilinipangia huku nikiwa msichana, nikalia, kisha nikazoea. Nyumba ninayopanga imepakana na mji wa Editha na mumewe Waitara. Kati yetu kuna ua wa minyaa tu, na minyaa haizuii sauti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya haya nimeyaona au kuyasikia mwenyewe. Yaliyobaki nimeyapata kwa Dorah, mke wa Mzee Enock, mwanamke mwema ambaye siri ya kanisa haijawahi kulala kwake.

Editha alibatizwa wakati wa makambi, ile mikutano mikubwa ya Wasabato ambapo watu hulala kwenye mahema juma zima wakihubiriwa. Alizamishwa mtoni pamoja na wenzake, akatoka anatetemeka kwa baridi, na alipopewa nafasi ya kusema neno moja akasema mawili. Alisema: "Kwangu pombe haitapikwa tena, na shambani kwangu haitanywewa."

Ile nusu ya kwanza ilitosha. Hakuna aliyemwomba ile ya pili. Lakini Editha ni mtu wa namna hiyo; ukimtuma kuni analeta na maji. Waliosikia wakasema amina, na waumini wakulima waliokuwapo wakatazamana.

Walitazamana kwa sababu ya risaga. Huku kwa Wangoreme, kama ilivyo kwa Wakurya wote, shamba kubwa halipaliliwi na mtu mmoja na mkewe. Mwenye shamba anapika pombe, anaita majirani, nao wanakuja na majembe asubuhi na mapema. Kazi ambayo ingekuchukua mwezi mzima, wao wanaimaliza kabla jua halijapinduka. Mchana wanakaa kivulini wanakunywa. Kesho kutwa ni zamu ya mwingine, nawe unakwenda kwake. Ndiyo risaga. Hakuna anayelipwa, jasho linalipwa kwa jasho, ila wito wake ni pombe. Mkono mtupu haulambwi. Mtu asiyepika pombe anaweza kwenda kwenye risaga za wenzake maisha yake yote, lakini ya kwake hana njia ya kuiita.

Na Editha alikwenda. Miaka yote baada ya ubatizo hakukosa risaga ya jirani hata moja, labda iwe Jumamosi. Alipalilia mstari wake, akamsaidia na wa pembeni yake, na mitungi ilipoletwa akafuta jembe kwa nyasi, akaaga, akaondoka. Wanaume walimtania. Erasto, ambaye ndiye mwita risaga wa kitongoji chetu, mwenye sauti inayofika mtaa wa pili, alikuwa akimwambia, "Mama Osward, jasho lako linalala kwetu tu. Lini utakuja kulichukua?" Naye alicheka akaenda zake. Shamba lake alilimudu na Waitara, maana Waitara alikuwa na mgongo wa punda na maksai wazuri, ingawa mwenyewe hakubatizwa na kikombe hakukiacha.

Aliyeumia zaidi na ubatizo ule alikuwa mama mkwe wake, Bibi Wankuru. Bibi huyu anakaa kwenye nyumba yake ndogo ng'ambo ya uwanja huohuo. Alikuwa ameacha kupika pombe siku nyingi, tangu alipogundua kwamba mke wa mwanawe anapika vizuri kumzidi. Sasa ikabidi atembee na fimbo yake kwenda kunywa kwa watu. Alilalamika mwaka mzima wa kwanza. Alikuwa ananiambia, "Mwalimu, huyo Mungu wao hakuona mwanamke mwingine wa kumchukua? Busawe nzima?" Nilimwambia, "Shikamoo Bibi, mimi simo." Lakini Bibi hakumtupa Editha. Wale wawili walikuwa wakipendana kwa namna ya wanawake wa huku, yaani kwa kugombana kuhusu kuni.

Mwaka jana mwezi wa tatu, Waitara aligongwa na pikipiki kwenye barabara ya Mugumu. Mguu ulivunjika mahali pabaya. Alirudi kutoka hospitali amefungwa plasta kuanzia pajani, na daktari amemkataza kuukanyagia mguu huo mpaka atakapoambiwa. Watoto wakubwa walikuwa mbali, Osward chuoni na dada yake ameolewa upande wa Kenya, ana mimba pevu. Na shambani ulezi ulikuwa umeshaota, na magugu nayo.

Ulezi si mahindi. Kuna gugu moja linafanana nao sana ukiwa mchanga, kiasi kwamba mtu asiyezoea anang'oa chakula na kuacha adui. Unapalilia umechuchumaa, jani kwa jani, na ukichelewa magugu yanaupita kimo na hapo hakuna tena la kufanya. Editha alikwenda peke yake siku za mwanzo. Nilimwona akitoka alfajiri na kurudi jua likizama, mikono imevimba. Kwa siku alikuwa anamaliza kipande kama cha mbele ya goli, wakati shamba lenyewe ni uwanja mzima wa mpira na zaidi. Chakula cha nyumba ile cha mwaka mzima kilikuwa mle. Yeyote aliyepita njiani aliona kwamba bila risaga, shamba limekwenda.

Aliamua kuita risaga ya uji.

Alichinja mbuzi. Alipika uji wa ulezi wenye sukari ya kutosha, akapika ugali, akapika na maharage kwa wasiokula nyama. Alizunguka nyumba kwa nyumba mwenyewe kuwaita watu, na kila mtu alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akamwambia tutaona. Mtu wa huku akikwambia tutaona, wewe umeshaona.

Asubuhi ile walikuja Mzee Enock, Dorah, na wamama watatu wa kanisa, mmoja wao ana mgongo. Waliimba nyimbo nzuri sana. Nisiseme uongo, waliimba kuliko walivyopalilia. Hadi mchana walikuwa wamesafisha kipande cha kando ya barabara, na Mzee Enock akaomba baraka juu ya sehemu iliyobaki, ambayo ilikuwa karibu yote.

Erasto alipita na baiskeli. Alisimama, akaitazama ile sufuria ya uji.

"Mama Osward," akasema, "tunakuheshimu. Lakini uji ni wa mzazi na mgonjwa. Sisi hatujajifungua."

"Kuna nyama, Baba."

"Nyama tunaiona. Nyama kavu hivyo, bila kinywaji, utafikiri ni msiba wa mtu asiye na ndugu." Kisha akashusha sauti, na nadhani alikuwa anamhurumia kweli. "Pika mtungi mmoja tu. Siku moja. Nitakuletea watu mpaka shamba lishangae."

Editha alimkatia kipande cha nyama, akamfungia kwenye jani la mgomba apeleke kwa watoto.

Jioni ile niliwasikia yeye na Waitara. Waitara alikuwa amekaa nje, mguu juu ya kigoda, na maumivu yalikuwa yamemfanya mchungu kama shubiri. Alisema, "Hukatazwi kupika. Umekatazwa kunywa. Mungu anaangalia mdomo au anaangalia sufuria?"

"Nimeahidi sufuria pia."

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Basi rudi ukamwambie ulikosea hesabu. Tutakula nini, Editha? Tutakula wimbo?"

Nilisikia anaosha vyombo, na aliviosha muda mrefu kuliko vilivyokuwa vichafu. Nilimkasirikia Waitara, kisha nikamkasirikia Editha, kisha nikaingia ndani kusahihisha madaftari. Mwenye njaa hana miiko, nilijisemea, na huyu mwanamke anataka kuwa navyo vyote viwili, njaa na miiko.

Siku zilizofuata Bibi Wankuru alikuwa mkimya, na ukimya wa bibi yule si wa kawaida. Kisha akamwomba Editha ulezi. Akasema tumbo lake halitaki ugali, linataka uji tu. Editha akampimia. Bibi akasema ongeza. Alimpa madebe mawili.

Nawaomba mfikirie kidogo. Bibi mwenye meno manne, anayekula kama kuku, na madebe mawili ya ulezi kwa ajili ya uji.

Haikupita muda nikaanza kusikia harufu. Mimi nimekulia kwenye rubisi, baba yangu alikamua ndizi mpaka alipozeeka, na ingawa pombe yetu na ya huku si ndugu, kimea ni kimea. Kilikuwa kinakauka mahali fulani nyuma ya nyumba ya Bibi. Siku mbili baadaye ikaja harufu nyingine, ya unga uliochacha ukikaangwa juu ya bati. Harufu hiyo haifichiki. Inapita ukuta, inakukuta chooni. Nilikutana na Editha bombani asubuhi, kila mtu na ndoo yake.

"Mama Osward," nikamwambia, "husikii harufu?"

Aliweka ndoo chini ya bomba, akaitazama inavyojaa.

"Nina mafua, Mwalimu," akasema.

Hakuwa na mafua. Nilimtazama pua, kavu kabisa. Lakini mimi si padri wake, wala yeye si wa kanisa langu, nikajitwisha ndoo yangu nikaenda. Njiani nilicheka. Nilifikiri: afadhali, ameamua kuwa mtu kama sisi.

Jumamosi Editha alivaa gauni lake la Sabato, akachukua Biblia na kitabu cha nyimbo, akaenda kanisani kama kawaida. Wasabato wakienda wameenda, wanarudi jioni. Hajafika hata kwenye daraja, sauti ya Erasto ikapasua kitongoji. Walikuja watu ambao sijawahi kuwaona. Walikuja vijana, walikuja wazee, walikuja wanawake na watoto mgongoni. Bibi Wankuru alisimama kichwani mwa shamba na fimbo yake, akiwagawia mistari, na aliyeng'oa ulezi badala ya gugu alipigwa fimbo ya kisigino hata kama ana wajukuu. Waliimba, walitukanana kwa utani, walishindana. Hadi mchana shamba lilikuwa safi, mistari imenyooka, ulezi umesimama peke yake unapumua. Nilikwenda kuangalia. Lazima niseme nilifurahi, nilifurahi sana.

Kisha wakaketi chini ya upenu wa nyumba ya Bibi, mitungi ikatoka. Waitara aliletewa kiti na kikombe. Nasikia pombe ilikuwa nzuri, ingawa wajuzi walisema haijafikia ile ya zamani.

Editha alirudi jua limeinama. Walipomwona anaingia na Biblia mkononi, wimbo ulikatika katikati. Hata Erasto alishusha kikombe chini ya kiti. Mimi nilikuwa kwenye ua nikingoja amwage mitungi, kwa sababu hivyo ndivyo ningefanya mimi, ama ndivyo ningependa nionekane nimefanya. Hakuimwaga. Alitazama upande wa shamba, akakaa akilitazama. Halafu akawageukia.

"Ahsanteni kwa kazi," akasema. "Poleni na jua."

Akaingia ndani akafunga mlango.

Habari ilifika kanisani kabla ya jua la kesho yake. Risaga ya pombe, shambani kwa Dada Editha, siku ya Sabato. Kwa Wasabato hayo ni makosa mawili kwenye sahani moja, na ahadi ya mtoni ikiwa kitoweo. Likaitwa baraza la kanisa. Yaliyosemwa humo nimeyapata kwa Dorah, aliyenisimulia siku hiyohiyo bombani, ndoo yake ikifurika bila yeye kuona.

Mzee Enock ni mtu mwema. Wengine hapa wangependa niseme vingine, lakini ni mwema. Anampenda Editha kama dada yake, na alikuwa amejipanga kumpitisha salama. Alisimama akaeleza yaliyotokea, akasema inavyoonekana jambo lilifanywa na mama mkwe, ambaye si mshirika, wakati Dada Editha yuko hapahapa kanisani akiimba. Kisha akamgeukia, akamwuliza swali ambalo ndani yake jibu lilikuwa limeshapikwa, likapakuliwa, likawekewa na kijiko.

"Dada Editha, hukujua lolote. Sivyo?"

Alitakiwa kusema neno moja. Dorah anasema kanisa zima lilikuwa limeshainama kidogo mbele, lilipokee likitoka.

"Nilijua," akasema Editha.

Mzee Enock alisema pengine hakuelewa swali.

"Nimelielewa. Nimepika pombe tangu usichana wangu, Mzee. Kimea nilikisikia siku ya kwanza. Ulezi uliopikiwa ni wangu, nilimpimia mama kwa mkono wangu, na nilijua hawezi kunywa uji wa madebe mawili. Mwalimu jirani yangu aliniuliza kama nasikia harufu, nikamwambia nina mafua. Sikuwa na mafua."

"Kwa nini hukumzuia?"

"Nilitaka shamba lipaliliwe."

Kisha mmoja wa wamama, yule mwenye mgongo, akasema labda basi ulezi ule usivunwe, waachiwe ndege, maana umepaliliwa kwa pombe.

"Ulezi haukunywa kitu," Editha akasema. "Nitauvuna. Mlioulizia kosa, kosa ni langu. Ulezi hauna."

Wakampa adhabu ya kanisa. Hataongoza kipindi cha akina mama, hataimba kwaya, na hatashiriki Meza ya Bwana mpaka robo ya mwaka iishe. Dorah alilia aliponisimulia. Mimi nilikasirika, na nilikwenda moja kwa moja kwa Editha nikamkuta anachambua mboga.

"Hivi wewe una akili?" nikamwambia. "Mtu amekufungulia mlango mpana kama wa godauni, wewe unapita dirishani!"

Alinisogezea kigoda. Aliendelea na mboga zake.

"Mwalimu, mimi nilikuwa na kitu kimoja tu ninachokiweza kuliko watu wote," akasema. "Pombe. Kulima nalima kama wengine, kupika napika kama wengine. Nikaiacha. Kila siku nikipita kwenye risaga ya watu nasikia kwamba huyu amezidisha maji, huyu kimea chake kibichi, na mikono inaniwasha. Sasa kama nitasema uongo kanisani ili niendelee kukaa benchi la mbele, ile pombe niliiacha kwa ajili ya nini?"

"Lakini ulidanganya kuhusu mafua."

"Ndiyo. Na ilikuwa rahisi, Mwalimu. Hilo ndilo lililoniogopesha."

Nilimsaidia mboga, nikaenda nyumbani.

Bibi Wankuru aliposikia habari za adhabu, alichukua fimbo akaenda mwenyewe nyumbani kwa Mzee Enock. Hakungoja kukaribishwa.

"Pombe nilipika mimi," akasema. "Niadhibuni mimi."

"Shikamoo Mama. Wewe si mshirika wetu. Hatuna uwezo huo."

"Basi nifanyeni mshirika leo, mniadhibu, kesho mnitoe."

Mzee Enock alimweleza kwa upole kwamba haifanyiki hivyo, kuna mafundisho kwanza, kuna ubatizo. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mtu anayetenda mnamwacha, anayesema ukweli mnampiga," akasema. "Sisi kwenye mila tungewatoza nyie ng'ombe." Akaondoka bila kunywa maji aliyopewa, na huku kwetu hilo ni tusi.

Kwa Editha mwenyewe alikuwa mkali vilevile. Alimwita mjinga uwanjani, kwa sauti, mbele ya Waitara. Alimwambia amemwaibisha, yeye mzee aliyeinama kwenye moto siku zile zote kwa mgongo huu, kwa ajili ya watoto wake. Editha alipiga magoti kumwomba radhi. Bibi akaingia ndani kwake na hawakusemezana kwa majuma mengi. Chakula alikuwa anapelekewa, anakula, anarudisha sahani imeoshwa, lakini neno hakuna. Hilo ndilo lililomuumiza Editha kuliko benchi la nyuma. Aliniambia wazi, na nilimwona anakonda.

Lakini alikwenda. Kila Jumamosi gauni lilelile, Biblia ileile, benchi la nyuma karibu na mlango, kuku wakiingia na kutoka miguuni pake. Kwaya ikiimba, yeye aliufunga mdomo. Na risaga za watu alikwenda zote. Wote waliopalilia kwake aliwapalilia, na wanaume wakaacha kumtania. Sijui kama ilikuwa heshima au aibu. Erasto alianza kumpa mstari mfupi, naye akawa anauacha na kuchukua mrefu.

Ulipofika wakati wa kuvuna, hakuita mtu. Ulezi unakatwa kichwa kimojakimoja kwa kisu kidogo, na kazi hiyo unaweza kuifanya umekaa. Waitara, plasta imetolewa lakini mguu bado ni wa kuegemeza, alibebewa kigoda shambani. Alikata akiwa ameketi, akisogeza kigoda hatua kwa hatua, akinung'unika dhidi ya jua, dhidi ya pikipiki, dhidi ya serikali. Dhidi ya mkewe sikusikia. Walijaza ghala.

Robo iliisha mwishoni mwa mwezi wa sita. Jumamosi ile ilikuwa ya Meza ya Bwana, na Editha alikuwa anarudishiwa haki zake. Alinialika. Nikaenda kwa sababu ya ujirani, na kwa sababu mimi ni mbea kiasi.

Wasabato, kabla ya mkate na divai, wanaoshana miguu. Divai yao, mjue, ni juisi ya zabibu. Wanaume walitoka nje kwenye kivuli cha ukuta, wanawake tukabaki ndani. Yakaletwa mabeseni, maji, taulo. Kila mwanamke anachukua mwenzake. Huyu anapiga magoti anamwosha yule, kisha wanabadilishana. Ni kitu cha kimya. Nilikaa pembeni na viatu vyangu.

Dorah alikuwa ameshajaza beseni, anakuja nalo kwa Editha, wakati mlango ulipozibwa na mtu. Alikuwa Bibi Wankuru. Amefunga kitenge kipya, fimbo mkononi, miguuni katambuga za tairi. Hakuwa amewahi kukanyaga mle ndani. Alitazama mabeseni, akatazama wanawake waliopiga magoti, nadhani akaelewa. Alimfikia Dorah, akamnyang'anya beseni. Maji kidogo yakamwagika.

Kisha akampa Dorah fimbo aishike, akashika ukingo wa benchi, akaanza kushuka. Ilichukua muda. Magoti yake ni mabovu, na mle ndani kila mtu alikuwa ameacha alichokuwa anafanya. Huku mke wa mwana ndiye anayempigia magoti mama mkwe. Nimeishi hapa miaka mingi na sijaona kinyume chake, wala kusikia.

Editha aliivuta miguu yake chini ya benchi. "Hapana, Mama," akasema. "Mama, hapana. Tafadhali."

"Lete mguu."

"Mama, utanitia laana."

"Mimi ndiye niliyekuchafua," Bibi akasema. "Lete mguu."

Akaushika mwenyewe kifundoni, akautia majini. Aliusugua kwa nguvu, kama anavyosugua mtungi, kisigino, nyayo, katikati ya vidole. Akaosha na wa pili. Akaifuta yote kwa taulo, akaipanga sakafuni pamoja. Editha alikuwa analia bila kujificha, na mkono wake ulikuwa juu ya bega la yule mzee, haujui ushike au uache.

Baadaye Editha aliteremka chini naye, akavuta beseni, akaanza kumfungua Bibi katambuga. Ilikuwa zamu yake. Bibi akaondoa mguu.

"Wangu acha," akasema. "Mimi bado nakunywa."

Akaomba fimbo yake, akainuliwa na Dorah, akatoka nje kwenye jua akaelekea nyumbani. Editha alibaki kwenye sakafu na beseni lake mpaka Dorah alipomgusa mgongoni akamwambia wanaume wanarudi ndani, na mkate uko tayari.